Nomi, postnomi, prenomi: namna ya kusoma na kuchagua jina la mtoto Goma

Katika nyumba moja ya Goma unaweza kukuta vijana watatu wa baba mmoja na mama mmoja: mkubwa anaandikwa Paluku, anayemfuata Kambale, wa tatu Kasereka. Dada zao ni Masika na Kavira. Ofisa aliyezoea nchi ambako jina la baba hushuka kwa watoto wote atawauliza kama kweli ni ndugu. Ni ndugu kamili, na majina yao yenyewe ndiyo ushahidi, maana kila moja linataja nafasi ya mtoto katika uzao wa mama yake.

Kwa hiyo swali la "jina hili maana yake nini" halina jibu kabla ya kujua mambo mawili: jina ni la lugha gani, na limekaa sehemu gani ya karatasi. Orodha nyingi za majina zinazozunguka kwenye intaneti huruka yote mawili. Zinachukua jina la Kinande, la Kishi na la Kiarabu, zinaliwekea kila moja neno zuri mbele yake, na mzazi anaondoka akiamini amejua. Katika mji kama Goma, ambako Banande, Bahunde, Bashi, Barega, wasemaji wa Kinyarwanda na watu wa Kasai hukaa parsele kwa parsele, njia hiyo inapoteza.

Sehemu tatu zilikotoka

Mkongomani huandikwa kwa nomi, postnomi na prenomi. Nomi mara nyingi ni jina la lugha ya nyumbani, postnomi ni jina la pili la asili (la babu, la shangazi, siku hizi sana sana la baba), na prenomi ni lile la batizo au la Kifaransa. Watu wengi hudhani mpangilio huu ni wa mababu. Si wa mababu. Wakati wa ukoloni, misheni zilitaka kila anayebatizwa achukue jina la mtakatifu, na watu wakawa na majina mawili: la kanisani na la nyumbani. Tarehe 27 Oktoba 1971 nchi ikaitwa Zaire. Januari 1972 Mobutu akaacha Joseph-Désiré, akajiita Mobutu Sese Seko Kuku Ngbendu wa Za Banga, na raia wote wakatakiwa kufuata mfano huo. Padri ambaye angembatiza mtoto kwa jina la Kizungu alitishiwa kifungo cha hadi miaka 5. Kardinali Malula wa Kinshasa alipinga, na mwaka huohuo akalazimika kukaa nje ya nchi kwa muda.

Pengo lililoachwa na jina la batizo lilijazwa na jina la pili la asili, na hapo ndipo postnomi ilipozaliwa. Majina ya batizo hayakufa. Yaliendelea kuitwa chini chini nyumbani na kanisani. Siasa ilipofunguliwa kwa vyama vingi Aprili 1990 yakarudi hadharani, lakini postnomi ilikuwa imeshaota mizizi. Ndiyo sababu leo tunabeba matatu.

Kanuni ya Familia ya tarehe 1 Agosti 1987, iliyorekebishwa 15 Julai 2016, inataka jina lichotwe katika urithi wa utamaduni wa Kongo, na inakataza jina lililo kinyume cha adabu, la kutukana, la kudhalilisha au la uchokozi. Inasema pia kwamba mpangilio wa sehemu za jina na tahajia yake havibadilishwi hivi hivi. Kifungu hiki cha mwisho ndicho kinachowatesa watu wengi, na tutakirudia.

Kinande: jina ni hesabu

Kwa Banande, jina la kwanza halichaguliwi. Linakuja na mtoto. Mvulana wa kwanza ni Paluku, Mumbere au Nzanzu. Wa pili ni Kambale, wa tatu Kasereka, wa nne Kakule, wa tano Katembo, wa sita Mbusa. Kwa wasichana, wa kwanza ni Masika, wa pili Kavira, wa tatu Kavugho, wa nne Kahambu, wa tano Katungu, wa sita Kyakimwa. Hesabu inafuata mama: mwanaume mwenye wake wawili anaweza kuwa na akina Kambale wawili, na hakuna aliyekosea.

Kuna jina linaloingilia mfululizo huo. Ikiwa mama amezaa wasichana tu, kisha akaja mvulana, mvulana huyo huitwa Muhindo. Msichana anayekuja baada ya wavulana ni Kahindo. Jina linasema kwamba uzao umegeuka. Ukimkuta Muhindo katika familia, kabla hujauliza lolote unajua kwamba kuna dada waliomtangulia.

Ukivuka mpaka hadi Kasese, Uganda, utawakuta Bakonzo, ndugu zao Banande, na hesabu ileile yenye sura nyingine kidogo: Kasereka anakuwa Masereka, Kakule anakuwa Kule, Katembo ni Thembo, Kavira ni Biira, Kavugho ni Kabugho, Kahambu ni Mbambu. Hayo si makosa ya kuandika, na asiyeyajua asithubutu kuyasahihisha kwenye karatasi ya mtu.

Jambo moja wageni hawalielewi haraka: kwa kuwa kila nyumba ina Kambale wake, Kambale peke yake halimtambulishi mtu. Darasani wanaweza kuwa sita. Linalomtofautisha ni jina la pili, lile alilopewa na wazazi kwa kumkumbuka jamaa au tukio. Mzazi Mnande anayetaka mtoto ajulikane na ukoo wake aweke nguvu zake hapo, kwenye postnomi.

Kosa linaloonekana zaidi siku hizi ni la wazazi wa mjini wanaopenda mlio wa jina na kumpa mtoto wa kwanza Kasereka au Katungu. Sheria haiwazuii. Lakini kila mzee wa Butembo au Beni atakayekutana na mtoto huyo atauliza wakubwa wake wako wapi, na mtoto atakua akijibu swali la ndugu ambao hawakuzaliwa. Tunaona ni mzigo usio wa lazima. Anayependa jina la hesabu alitumie kwa hesabu.

Kishi: maana iko wazi, shida iko kwenye herufi

Majina ya Bashi, yanayotoka Kabare, Ngweshe, Bukavu na pande zake, mengi ni maneno ambayo msemaji wa Mashi, yaani Kishi, anayaelewa papo hapo. Murhula ni amani. Iragi ni bahati. Mugisho ni baraka. Nsimire ni shukrani ya mzazi mwenyewe: nimeshukuru, nimependezwa. Mushagalusha ni mwenye kufurahisha. Nabintu, jina la msichana, limeundwa kwa Na-, kiambishi cha umiliki, na bintu, yaani vitu: mwenye vitu, mwenye mali. Na- hiyohiyo ndiyo unayoisikia kwenye vyeo vya watawala wa kimila, kama Nabushi, mwenye Bushi.

Kuna pia M' inayotangulia majina mengi ya wanawake wa Bushi. Maana yake ni binti wa. Jina linaloifuata ni la baba, si la mwanamke mwenyewe. Kompyuta nyingi hazipendi alama hiyo ya juu. Mmoja anaandika M'Murhula, wa pili Mmurhula, wa tatu anaacha nafasi katikati, M Murhula, na mashine ya nne inaifuta M kabisa. Mwanamke mmoja tayari amekuwa wanne, na kila karatasi ina mhuri wake.

Herufi zinazoponza zaidi ni mbili. Ya kwanza ni rh, inayoandika sauti ya Mashi isiyokuwamo katika Kifaransa wala Kiswahili. Karani asiyeijua ataandika Murula au Mutula. Ya pili ni c, inayosomwa kama ch ya Kiswahili. Aliyesoma Kifaransa huibadilisha kuwa tsh, aliyezoea Kiswahili huandika ch. Jina linaloanza na Ci- linaweza basi kuonekana kwa Ci-, Chi- na Tshi- katika nyumba moja: kwa baba, kwa mtoto wa kwanza na kwa mtoto wa pili. Ukiwa na jina la namna hii, tazama kwanza limeandikwaje kwenye kadi ya baba, ulinakili hivyohivyo hata kama tahajia ya baba si ile wanaisimu wangeipendelea. Kufanana na karatasi ya baba kuna faida kuliko usahihi wa kamusi.

Sentensi nzima, na mapasa

Majina ya Kinyarwanda mara nyingi ni sentensi. Habimana inasema Mungu yupo. Hakizimana, Mungu ndiye aokoaye. Bizimana, Mungu anajua. Nsengiyumva, namwomba asikiaye. Uwimana ni wa Mungu. Nyira- na Muka- mwanzoni mwa jina huonyesha mwanamke, na Nyira- hiyo imo pia katika jina la mlima wetu, Nyiragongo. Hapa pia hakuna jina la familia linaloshuka: kila mtoto hupata sentensi yake.

Mapasa wana majina yao karibu kila upande. Kwa Kinyarwanda ni Gakuru na Gato, mkubwa na mdogo. Kwa Kirundi, unachokisikia sana ukishuka Uvira, ni Bukuru na Butoyi, na mtoto anayezaliwa baada yao ni Ciza. Kwa Baluba wa Kasai ni Mbuyi na Kabanga. Ukikutana na Kabanga mahali, uliza habari za Mbuyi, lakini uliza kwa upole, maana si mapasa wote wanaokua.

Majina ya Kiswahili na safari yake

Haya ndiyo majina yanayovuka makabila yote: Bahati, Furaha, Neema, Amani, Baraka, Riziki, Zawadi, Faida, Faraja, Tumaini, Mapendo, Sifa, Feza, Asifiwe, Aksanti. Watu huyaita majina ya Kiswahili na basi, lakini mizizi yake ni tofauti. Baraka, Amani, Neema, Riziki, Faida na Furaha yametoka Kiarabu. Bahati asili yake ni Kiajemi. Zawadi linatokana na neno la Kiarabu la masurufu, chakula cha kubeba safarini. Mapendo ni la Kibantu kabisa. Aksanti ni asante ya hapa kwetu. Mtu wa Dar es Salaam akilisikia anajua mara moja mwenye jina ametoka upande gani.

Feza ni fedha. Sauti ya Kiarabu ambayo pwani imekuwa dh, kwetu imekuwa z, na ndivyo Ramadhani alivyokuwa Ramazani. Jina hilo, pamoja na Shabani, Rajabu, Juma, Hamisi na Mwajuma, lilifika kwa njia ya wafanyabiashara wa pwani wa karne ya 19, waliokaa Nyangwe na Kasongo katika Maniema. Tippu Tip ndiye aliyejulikana zaidi kati yao. Rajabu, Shabani na Ramazani ni miezi ya Kiislamu, wa 7, wa 8 na wa 9. Juma ni Ijumaa, Hamisi ni Alhamisi, na Mwajuma ni msichana wa Ijumaa. Leo mwenye jina hili si lazima awe Mwislamu. Wengi wamelirithi kwa babu kama wanavyorithi jina lolote, na kumkisia mtu dini kwa jina lake huku kwetu ni kujitafutia makosa.

Upande wa pili wako Mateso, Shida, Masumbuko, Machozi, Mawazo, Sikujua. Hayo yanataja hali ya nyumba mtoto alipozaliwa: ugonjwa, kufiwa, kukimbia vita, mimba isiyotarajiwa. Mzazi hakumlaani mtoto. Aliandika tukio pale ambapo halitasahaulika, kama wengine wanavyoita Safari mtoto aliyezaliwa njiani. Hata hivyo wahubiri wengi wanayapiga vita majina haya, na vijana wenyewe wakifika shule ya sekondari huyaficha nyuma ya prenomi. Msimamo wetu: aliyekwisha kuitwa Mateso apewe heshima ya jina lake, kwa sababu ni historia ya mama yake. Kwa mtoto anayezaliwa leo, tukio linaweza kukumbukwa kwa namna nyingine. Faraja na Tulizo husimulia habari ileile kuanzia upande wa kutoka.

Ya Kifaransa na ya Biblia hayahitaji maneno mengi. Dieudonné ni aliyetolewa na Mungu, Espérance ni Tumaini, Pascal ni wa Pasaka, Toussaint ni wa tarehe 1 Novemba. Debora kwa Kiebrania ni nyuki, Yona ni njiwa. Dorcas kwa Kigiriki ni swala. Yasiyo katika kamusi yoyote ni yale yaliyofupishwa hapa nchini: Plamedi ni "plan merveilleux de Dieu", mpango wa ajabu wa Mungu, Merdi ni "merci Dieu", Glodi limetokana na utukufu wa Mungu kwa Kifaransa. Hayana tahajia moja, kwa hiyo anayeyachagua aamue mapema kama ni Glodi, Glody au Glodie, na asibadilishe tena.

Kabla ya kuamua

Tazama kwanza kama sehemu tatu hazirudii neno moja. Bahati, Iragi na Chance ni kitu kimoja kwa lugha tatu. Vivyo hivyo Amani, Murhula na Pacifique, au Baraka, Mugisho na Béni. Wengine wanafanya hivyo kwa makusudi, kwa msisitizo, na hakuna ubaya. Lakini wengi hawajui, na wamepoteza nafasi mbili ambazo zingeweza kumkumbuka bibi na babu.

Pili, sikiliza jina kwa masikio ya jirani. Mujinga kwa Tshiluba ni jina la heshima la mtoto aliyezaliwa kitovu kikiwa kimemzunguka shingoni. Kwa Kiswahili cha Goma na Lubumbashi, mtoto huyo ataitwa mpumbavu kila siku ya shule. Familia nyingi za Kasai hulitunza kwa sababu ni haki ya mtoto, na ni kweli. Basi liwekwe kwenye postnomi, na kuitwa darasani kuwe kwa prenomi. Maana ya jina la lugha usiyoisema muulize mzee anayeisema, na muulize bila kumpendekezea jibu. Ukisema "Eti maana yake ni malaika?", kwa adabu atakubali.

Tatu, jinsia. Bahati, Amani, Riziki ni ya wote. Neema, Feza na Mapendo husikika kuwa ya wasichana. Ikiwa nomi na postnomi hazionyeshi, prenomi ionyeshe, la sivyo mtoto atawekwa mara kwa mara kwenye orodha isiyo yake.

Kwenye meza ya karani

Karatasi ya kwanza ni ya materniti, yaani wodi ya uzazi, na mara nyingi mtoto ameandikwa pale kwa jina la mama yake tu. Inayofuata ni kadi ya chanjo, ambako muuguzi huandika alichosikia. Kisha kadi ya batizo, kisha shule. Zile za baadaye, hata diploma ya serikali, hunakili zilizotangulia. Kosa la mwezi wa kwanza linaweza kumfikia mtu akiwa na miaka 20. Andika basi majina matatu kwa herufi kubwa kwenye kipande cha karatasi, kwa mpangilio wa nomi, postnomi, prenomi, na utoe kipande hichohicho kila mahali badala ya kutamka.

Kuzaliwa kunatangazwa kwenye biro ya eta sivili ya komine, yaani ofisi ya manispaa inayoandikisha vizazi, ndani ya siku 90. Kabla ya marekebisho ya 2016 zilikuwa 30. Beba karatasi ya materniti na vitambulisho vya wazazi. Kabla ya kutia sahihi, soma akti, yaani cheti cha kuzaliwa, herufi kwa herufi: rh ipo, c haijawa tsh, M' ina alama yake, é ya Exaucé haijapotea, jina la baba limefanana na kadi yake. Karani akirekebisha hapo hapo inachukua dakika moja. Siku 90 zikipita, akti haitolewi tena bila hukumu ya mahakama, ile watu wanayoiita supletifu, na hapo kuna safari na gharama. Kubadilisha jina, tahajia au mpangilio baada ya kuandikwa nako kunapitia mahakama, Tribinali ya Amani ya mahali unapokaa, na lazima uwe na sababu ya haki.

Fomu za nje ya nchi zina nafasi mbili tu, jina la mtu na jina la familia. Weka prenomi kwenye ya kwanza, na nomi pamoja na postnomi kwenye ya pili, kwa mpangilio ule ule wa pasipoti, kwenye kila fomu na kwa kila mtu wa nyumba. Kwa familia ya Kinande ambayo watoto wake wana nomi tofauti, ambatanisha akti za kuzaliwa za wote tangu siku ya kwanza ya ombi. Mahali pa jina la baba na la mama kwenye akti hizo ndipo undugu unapoonekana kwa mtu asiyejua kuhesabu kuanzia Paluku hadi Mbusa.